Kimya cha Adhuhuri

Siku hiyo katika baraza la Entenfeld, mji mdogo wa Ujerumani, walikuwepo Meya Bata Bukini, Diwani Mbweha, Diwani Fuko, na Panya Gerda akimpakata mwanawe mchanga.

Desturi ya mji ule ilikuwa moja: kengele ya adhuhuri ikilia, asisikike mtu mpaka alasiri. Mtoto wa Gerda alilia saa hiyo hiyo kila siku, na Mbweha alitaka wahamishwe.

"Anaota meno, mheshimiwa," Gerda akamsihi.

"Basi akayaotee mji mwingine!"

Meya, aliyeipenda sheria kuliko chakula, alifungua mdomo kutoa uamuzi. Mara kengele ikalia, wote wakanyamaza. Mtoto akaangua kilio. Gerda akambembeleza, wapi! Akaanza kukusanya nepi zake huku machozi yakimlengalenga.

Meya akamtazama. Kisha akamchukua mtoto, akamfunika kwa bawa lake na kumwimbia kwa sauti yake ya kukwaruza, hadi akasinzia.

"Meya! Umevunja sheria!" Mbweha akafoka.

"Na wewe unayepayuka je, bwana?" akauliza Fuko.

Mbweha akajiziba mdomo, kisha akacheka mwenyewe.

Gerda bado anakaa Entenfeld, na jino la kwanza la mwanawe limeshatoka.