Kikohozi Mlangoni

Nilikuwa nikiwaonyesha watoto jinsi midomo inavyokutana kwenye sauti ya "ma" niliposikia kikohozi cha baba mkwe mlangoni. Mkono ukashusha mtandio usoni kabla sijafikiri. Kwetu mkamwana haonyeshi uso mbele ya mkwe.

"Dada Sugna, endelea," mkufunzi akasema. Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo, naye alikuwa akichagua mmoja wetu wa kujitolea kufundisha chekechea. "Lakini watoto wauone mdomo."

"Anatafuna nini humo ndani?" mtoto mmoja akauliza. Wenzake wakacheka.

Chini ya kitambaa niliona vidole vyangu tu, vyeupe kwa chaki. Nikatikisa kichwa, nikakaa.

"Basi, nafasi tumpe mwenzako," mkufunzi akasema kwa unyonge.

Ndipo baba mkwe akauliza, "Mbona simsikii? Mwambieni mkamwana nimegeukia ukuta tangu nilipoingia. Nimekuja kumsikia."

Nikainua ukingo wa mtandio. Mgongo wake ulikuwa umenielekea, pua karibu iguse ukuta. Mbele ya ubao mwenzangu alikuwa ameshaanza, na watoto walikuwa wakimwitikia.