Ganzi ya Shingo

Sheria haikuruhusu mtu kutibiwa hofu peke yake. Daktari alichoma sindano ya ganzi shingoni, mshipa wa fahamu ukatulia, kisha mgonjwa akasimulia yaliyomkuta mbele ya mtu anayeishi naye.

Tunu alikwenda na mama yake. Tangu jengo lao lilipoporomoka na kumuua mdogo wake, Hidaya, Tunu alikuwa hapati usingizi, na mlango ukigongwa tu aliruka.

"Nilimshika Hidaya mkono," alisema kwa sauti tulivu iliyomshangaza mwenyewe. "Dari ilipoanza kushuka, nilimwachia. Hakuniponyoka, mama. Nilimwachia."

Mama alijifunika uso kwa ushungi.

"Tupumzike kidogo?" daktari aliuliza.

"Aendelee," mama alijibu. "Nimekuja kusikia."

Baada ya sindano chache Tunu alianza kulala fofofo, na rangi ikamrudia usoni. Asubuhi moja mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni. Yeye hakushtuka. Alipogeuka, alimkuta mama amejibanza ukutani, anahema.

"Ni mfuniko tu, mama."

"Najua ni mfuniko."

Tunu akazima jiko. "Vaa, twende kwa daktari. Leo sindano utachomwa wewe, nami nitasikiliza."

Mama alijitoa ukutani. "Nikichomwa nitasema yote, mwanangu. Na wewe utakuwa huna ganzi. Utayaweza?"

Moyo ulianza kumdunda Tunu kama zamani.

"Sijui," alisema, akamletea mama viatu vyake. "Lakini twende."