Punda Yuko Tayari

Jino la Zabron lilidondoka kwenye kifusi, na bado alikuwa hajasema punda yuko wapi.

Masudi alifuta ngumi yake kwenye suruali. Hakupenda kumpiga mtu wa umri wa baba yake, lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya kupenda wala kuchukia. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mdogo wake Bashiri alikuwa amefungwa kamba kwenye kiti nyumbani kwa Koboko, bosi aliyepewa jina la nyoka na kulistahili. Jana yake Masudi alikabidhiwa punda amvushe kutoka Tunduma. Punda, kwa lugha ya kazi yao, ni mtu anayemeza unga na kuusafirisha tumboni. Huyo alikuwa binti mpole, na upole wake wote uliishia stendi, alipotoroka na mzigo mwilini. Koboko hakufoka. Alisema tu kwamba jua likizama bila punda, Masudi atampokea mdogo wake kwa vipande.

Ndiyo maana mchana ule, kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Mwaka, aliurudisha wali sahanini alipomsikia mzee wa meza ya jirani akiongea na simu.

"Mshirika wangu, punda yuko tayari," mzee alisema huku akitafuna. "Dawa yote imo mwilini mwake. Jioni tunamvusha. Pale mpakani nimeshazungumza nao, hawatatusumbua."

Masudi na mwenzake Lucky walimpakia kwenye bajaji kabla hajanawa mikono, kisu kikiwa mbavuni, wakamleta kwenye jumba lisiloezekwa nje kidogo ya Chapwa. Huko ndiko kipigo kilikoanza.

Zabron alijieleza huku damu ikimchuruzika kidevuni. Yeye ni mtumishi wa taasisi ya utafiti wa tiba. Kazi yake ni kuhamisha teknolojia kutoka kwa watafiti kwenda kwa washirika wenye viwanda, na kiwanda walichoingia nacho ubia kiko Zambia. Lucky alicheka mpaka akakohoa. Alishasikia magendo yakiitwa majina mengi mjini Tunduma, lakini hili la kuhamisha teknolojia lilikuwa jipya. Akamtandika ubao wa mgongo kwa kumpongeza.

"Huyo punda ni mwanamke?" Masudi aliuliza.

"Jike," Zabron alijibu.

Lucky akampiga teke la mdomo. Hata majambazi wana adabu yao, na binti wa watu haitwi jike.

Masudi alichuchumaa, akakishika kidole kidogo cha mzee, akakivunja. Zabron alilia kwa Kinyiha, lugha ya mama yake, kisha akarudi kwenye Kiswahili akisihi.

"Wanangu, kama ni punda mnataka, nitawatafutia wengine, hata watatu. Huyo mwacheni. Mkimchinja hamtapata kitu. Dawa haiko tumboni, imo kwenye damu yake. Wakulima wanakufa kule Ndalambo wakiingoja."

"Oya, kumbe mateja wamefika mpaka Ndalambo," Lucky alisema, akashangaa kweli.

Sikio la kufa halisikii dawa. Masudi alikishika kidole cha pili na kumuuliza mzee, kwa mara ya mwisho, wamemtia nini huyo punda.

"Sumu," Zabron alinong'ona. "Tumemwingizia kidogo kidogo, damu yake iizoee. Sumu ya koboko."

Masudi nusura ambusu. Kumbe mzigo ni uleule, wa Koboko mwenyewe, na mnafiki huyu wa tai shingoni ndiye aliyeudaka! Furaha ikampanda, hasira ikaifuata nyuma yake. Alikivunja kidole cha pili, akakivunja na cha tatu, hadi Zabron akataja mtaa wa Mpemba, nyumbani kwa Mama Fides, banda la uani. Baada ya hapo mzee alibaki anakoroma na uso wake kwenye vumbi.

Lucky alibaki kumlinda na nyundo mkononi. Masudi alidandia bodaboda.

Mama Fides alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Alinyanyuka amzuie, Masudi akamsukuma, kichwa chake kikagonga ukuta na maharage yakatapakaa uani. Masudi hakugeuka nyuma. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa, na kwa mara ya kwanza tangu jana aliamini kwamba usiku huo angekula sahani moja na Bashiri.

Alipofika kwenye banda, simu iliita.

"Masudi, mukwai," Koboko alisema kwa upole, kwa neno la heshima la Kibemba. "Umempata?"

"Nipo mlangoni kwake, bosi. Mzigo umo. Mwenye kumficha ameshakiri."

"Nimechoka kudanganywa. Fungua, aseme neno nimsikie. Nikiisikia sauti yake, namfungua mdogo wako. Ukiniletea masihara, utamsikia mdogo wako."

Nyuma ya maneno hayo Masudi alisikia Bashiri akihema kwa shida, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kitambaa. Machozi yalimlenga. Aliiweka simu kwenye sauti ya nje, akaupiga mlango teke, akaunyoosha mkono wenye simu ndani ya banda.

"Sema," aliamuru. "Sema akusikie."

Punda aliutoa mdomo wake kwenye ndoo ya pumba, akayasimamisha masikio yake marefu, akalia kwa nguvu zake zote. Koboko alimsikiliza mpaka alipomaliza. Kisha, kwenye simu, Bashiri naye akalia.