Aliyefagia Maganda

Mtu alikuwa amefagia maganda tena.

Mwanne alisimama kwenye kishamba chake, nyuma ya nyumba yao ya Buyenzi, upande wa mto Ntahangwa. Jana alikuwa amezungushia matuta yote ya mboga za lengalenga maganda makavu ya kahawa. Asubuhi hii maganda yalikuwa yamesukumwa kando kwa ufagio, upande wa mtoni, kama mlango uliofunguliwa. Ute wa konokono uling'aa hadi matutani, lakini konokono mwenyewe hakuonekana hata mmoja.

Walikuja na mvua, wakubwa kama ngumi, wakamaliza mboga za majirani. Watu waliwasukuma kwa kijiti kwa kinyaa, kisha wakanawa mikono. Dawa aliileta Ilyasi, mumewe, fundi wa magari. Alitengeneza lori la kiwanda cha kahawa, akarudi na magunia ya maganda.

"Konokono hapendi kutambaa juu ya vitu vikavu," alisema.

Na kweli, hawakupita. Ilikuwa miaka ya vita na embargo ya nchi jirani, mafuta na sukari vilikuwa vya kusimuliwa tu. Nyumba nzima ilikula lengalenga zile.

Mbali na watu wa nyumba, aliyeweza kufika pale ni mmoja: Dévote. Alikimbia kutoka mtaa wa Kamenge na watoto wake, Kelly na wadogo zake, mumewe hajulikani alipo, na Mwanne akampa chumba cha uani. Watu wa mtaa waliguna. "We unafuga mutu usiyemujua." Mwanne aliwanyamazisha.

Kila jioni alimpelekea sahani ya chakula, na kila jioni Dévote aliirudisha kwa mikono miwili. "Asante, mama. Sisi tumeshakula." Alifulia watu nguo, siku ambazo sabuni ilipatikana. Hata hivyo, watoto wake hawakukonda.

"Anakuibia mboga," alisema Raihana, jirani. "Kisha anafungulia konokono njia, ili udhani ndio waliokula."

Neno hilo lilimwingia Mwanne kama mwiba. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alijibanza nyuma ya ukuta wa choo. Hakungoja sana. Dévote alikuwa ameinama kati ya matuta, ufagio chini, kapu mkononi limefunikwa kitenge.

"Mama Kelly! Hivi ndivyo unavyonilipa?"

Dévote aliinuka. Sauti ya Mwanne ilikuwa imevuka ua. Raihana alitokea, na nyuma yake wanawake wengine, vilemba havijafungwa vizuri.

"Fungua kapu tuone!" Raihana alisema.

Dévote alilikumbatia kapu kifuani. Aliwatazama wale wanawake, mmoja baada ya mwingine, kisha akashusha macho.

"Umeiba mboga zangu?" Mwanne aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nimeiba. Munisamehe."

Raihana alitema mate. Mtu mmoja akacheka. Mwanne alisema asichopanga kusema: "Leo uhame."

Lakini ndani kwake, kila alipoinua kikombe cha chai, aliyaona macho yale yakishuka. Mwanamke asiye na kwao, akavuliwa heshima mbele ya watu kwa ajili ya majani! Na yeye, Mwanne, aliyeona fahari kumhifadhi, ndiye aliyewaita watu kwa makelele yake. Aliinuka, akachuma lengalenga kwa mikono yake, fungu zima, akavuka ua kwenda kumwambia abaki.

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa, moshi ukitoka chini yake.

"Hodi, Mama Kelly."

Akausukuma mlango.

Dévote aliruka kufunika sufuria, lakini alichelewa. Watoto walikaa wakiizunguka, vijiko tayari mikononi. Mwanne alichungulia ndani ya mvuke. Hamkuwa na jani hata moja. Pembeni, juu ya gunia, magamba matupu ya konokono yalikuwa yamerundikwa, bado yanadondosha maji.

Dévote aliugeukia ukuta, kanga mdomoni.

"Mama, nakuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Wale bamama usiwaambie. Wakikuuliza, sema niliiba mboga."