Kitambaa cha Nyemo

Wazazi wenzangu, kama nyumbani kwenu mna kompyuta ya marehemu, msiifunike. Mimi niliifunika.

Sheria mnaijua: mtu akifa, sauti yake na kumbukumbu zake zinawekwa kwenye kompyuta moja tu, na kunakili ni marufuku. Ya binti yangu Nyemo niliiweka sebuleni, kwenye kochi alilopenda kukalia. Vumbi la hapa Dodoma linaingia hata mlango ukifungwa. Basi nikafuma kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika kama tunavyofunika redio na televisheni.

"Mama, nasikia joto," akaniambia siku hiyohiyo.

"Joto gani, mwanangu, na mwili huna?"

Akacheka. "Basi mashine inanitolea jasho."

Nami nikacheka. Feni ya ndani ya kompyuta ikawa inavuma kwa nguvu, nikadhani ni furaha. Wiki ya pili akaanza kurudia maneno. Halafu akaniuliza mimi ni nani.

Fundi alipoifungua, vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni kama sufi. "Imeungua ndani, mama," akasema. "Kwenye kochi haipumui, na juu umeifunika. Ungeiweka mezani, wazi, ukaipuliza vumbi kila mwezi, angekuwepo."

Sasa iko mezani, wazi. Kila asubuhi naipuliza vumbi, ingawa haiwaki. Na nikiingia nyumba ya mtu nikakuta mashine imefunikwa, naifunua hata kabla sijasalimia.