Ukurasa wa Mwisho wa Matroni

Nawatangazia kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mwalimu wa kiroho. Vyeti vyangu ni gundi na printa ya shule.

Kitabu cha utulivu wa moyo cha matroni wetu kilikosa ukurasa wa mwisho, nami nikakibandikia wangu: "Furaha iko nje ya geti. Vua viatu, uende."

Asubuhi hii kaja bwenini pekupeku, barua ya kuacha kazi mkononi. Kisigino chake kimoja kilikuwa kimechanwa na changarawe.

"Miaka minane nasoma vitabu hivi, mwanangu, moyo hautulii. Ukurasa huu tu ndio ulioniambia la kufanya. Nibebee sanduku."

Nikalishika, nikaliachia.

"Mbona hunitazami?"

"Kwa sababu ukurasa huo, mama, niliuandika mimi."