Konokono Apanda Manga

Cleophas alimuuza ng'ombe wake wa mahari akanunua konokono.

Konokono mwenyewe alikuwa wa chuma, mzito kama jiwe la kusagia, amefunguliwa kwenye lori lililopinduka njia ya Kericho. Kazi yake ilikuwa kunywa moshi wa injini, kuzunguka kama mwendawazimu, na kuishindilia injini hewa mpaka ikose adabu. Wazungu humwita turbo. Watu wa Kebirigo walimtazama umbo, wakampa jina lao.

"Umeuza ng'ombe," alisema jirani yake Machogu, "ukanunua mnyama asiyetoa maziwa?"

"Kwani ng'ombe mmoja angenipa Persis?"

 Baba yake Persis, Mzee Onsongo, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato chini ya mlima wa Manga, na tayari alikuwa amekubaliana na Thadeus, mwenye duka la nguo Kisii mjini na ng'ombe wa kuziba barabara. Harusi ilikuwa mlangoni. Kwa hiyo Cleophas alibaki na njia moja tu: kutoroka na Persis hadi Keroka kwa shangazi yake, walale huko, wazee waamke wakute mambo yamekwisha. Basi halingefaa. Makondakta wote walimjua Mzee. Ilihitajika gari, tena la mbio, kama yale ya Safari Rali yaliyompiga vumbi usoni Pasaka ile ya mwaka wa sabini na tano.

Akapata kigari kizee chenye injini nyuma, ambacho kuku wa Nyamarambe walikuwa wamekigeuza kiota. Akakata paa kwa msumeno, maana gari la spoti halivai kofia. Mabomba ya hewa aliyaunga kwa mikebe ya mafuta ya kupikia na vipande vya tyubu. Kioo cha mbele kilitoka kwenye kabati la mamake, ambaye mpaka leo anamlaumu paka. Rangi nyekundu ilikuwa mabaki ya mlango wa kanisa. Konokono alikataa kuenea ndani, basi akaning'inia nje, nyuma, kama mtoto mgongoni.

Persis alipita bandani kwa Cleophas kila alipotumwa sokoni, wala hakuja kukaa tu. Alishika spana.

"Wewe ukiwa huko chini ya gari, nani atakanyaga mafuta?" aliuliza.

Cleophas akamfundisha klachi, gia na breki, moyo ukimjaa. Huyu ndiye mwanamke wa kusaidiana naye maishani!

"Na hiki kiti cha nyuma ni cha nini? Toa. Kinafanya gari inakuwa nzito."

Akakitoa.

"Petroli ikijaa, inafika Nakuru?"

"Nakuru kufanya nini? Keroka ni hapa tu."

"Si nauliza tu, jamani. Jaza."

Akajaza.

Konokono alikuwa na kasoro moja: alichelewa kuamka. Ulikanyaga mafuta, gari likaguna na kutambaa, ukawa na nafasi ya kumenya ndizi na kuila. Kisha ghafla mluzi, na shingo yako ikabaki ulikotoka. Ukiinua mguu tu, analala tena.

Walichagua siku ya Sabato, saa ya mahubiri, kwa kuwa Mzee Onsongo hangewasha lori lake siku hiyo hata kama zizi linaungua. Persis akatoka kwenye kwaya akijishika tumbo, akaruka ndani ya gari lililofichwa migombani. Cleophas akawasha. Ndani ya kanisa mhubiri aliishia katikati ya sentensi.

Mlima wa Manga wakauanza kwa fujo. Kufika nusu yake, gari likawa linahema kama mgonjwa. Mama mmoja Mkatoliki, mzigo wa kuni kichwani, akawapita, akawaamkua kwa heshima.

Cleophas akageuka nyuma. Mzee Onsongo alikuwa anapanda kwa miguu, suti yake ya kanisani mwilini, Biblia kwapani. Wala hakukimbia.

"Persis, baba yako huyo!"

"Shuka usukume. Nipe mimi usukani. Wewe ndiye uko na nguvu."

Alisukuma mpaka shati likachanika mgongoni. Gari likasogea, likasogea zaidi, kisha konokono akaamka. Cleophas akaanguka kifudifudi. Alipoinua uso, wekundu wa gari ulikuwa unapotea kwenye kona ya juu.

"Simama!" alipiga kelele. Kisha akajirudi. Hapana, asisimame! Akiinua mguu, konokono atalala. Msichana mwenye akili kweli! Atamngojea kule kileleni, penye tambarare.

Akasikiliza. Gia ya tatu. Akasikiliza tena. Ya nne. Labda anatafuta mahali pazuri pa kuegesha.

Nyayo za Mzee zikasimama nyuma yake. Cleophas akajikunyata, akingoja kofi.

"Tata, nisamehe. Tunapendana. Ananingoja pale juu, twende ukaone mwenyewe."

Mzee Onsongo akaketi juu ya jiwe, akajipangusa jasho, akautegea sikio ule mluzi uliokuwa unafifia ng'ambo ya mlima. Kisha akamtazama Cleophas kwa huruma, kama mtu aliyekuja matangani.

"Safari hii Nairobi atafika," alisema. "Yule kijana wa mwaka jana alimtengenezea pikipiki tu, ikamfia Sotik."